Dakika Arobaini za Fusae

Mimi ni mwongo. Naanza na hilo ili asije mtu baadaye akasema sikumwambia.

Kwa miaka arobaini na mitatu kazi yangu ilikuwa kutengeneza chakula kisicholika: vile vyakula vya nta na plastiki vinavyokaa kwenye kioo cha mbele cha mikahawa. Bakuli la tambi lenye vijiti vinavyoelea hewani, kamba wa kukaanga, yai lililopasuka ute ukiteremka bila kufika chini. Hakuna shule iliyonifundisha, nilijifunza kwa kuunguza vidole. Kunguru aliwahi kuniibia kamba mmoja, akapanda naye juu ya nguzo ya umeme, akamdonoa siku tatu, na siku ya nne akamrudisha. Mkaguzi wa afya aliwahi kuufunga mgahawa mzima kwa sababu samaki wangu pale kiooni alionekana ameanza kuharibika. Habari hizi nazisimulia tangu ujana, na mji wetu wote huku milimani Gifu, Japani, unazijua. Nikiingia kwa kinyozi watu husema, "Hibino kaja, shikeni masikio."

Sasa mtu kama huyo, mke wake akianza kupoteza kumbukumbu, akienda kusema ukweli, nani atamsikiliza?

Mke wangu anaitwa Fusae. Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika nyumba ya wageni yenye chemchemi ya maji moto, ile iliyoko juu kwenye kona ya mto. Kazi yake ilikuwa kupokea watu: kupiga magoti mlangoni, kuweka viganja sakafuni, kuinama, kumimina chai, kutandika magodoro, kufunga mlango wa kuteleza bila kutoa sauti. Wageni walikuwa wanarudi kila mwaka kwa ajili yake, si kwa ajili ya maji. Hilo si uongo wangu, muulize yeyote.

Alianza na tofu, vile vipande vyeupe laini vya maharage ya soya. Kila siku ananunua tofu, mpaka nikahesabu vipande kumi na saba kwenye friji, nikacheka. Kisha akaanza kutoka alfajiri kwenda kazini, kazi aliyostaafu miaka kumi na minne iliyopita, amevaa aproni juu ya nguo ya kulalia. Kisha akamkaribisha jirani yetu Bi Tazuko chakula cha mchana, akampa kamba wangu wa nta na wali wa kweli, na Bi Tazuko, kwa adabu yake, akamng'ata kamba. Meno ya bandia yakavunjika. Mwezi wa Machi Fusae akaliweka bakuli langu la tambi za plastiki juu ya jiko, akawasha gesi, akaenda kufua. Moto ulipanda mpaka kwenye pazia. Niliuzima kwa ndoo za maji ya bafu, na katika kukimbia huko nikaanguka nikavunja nyonga. Tangu siku hiyo natembea kama kaa.

Binti yetu Chizuru anakaa Nagoya. Alinipigia simu.

"Baba, tafuta nyumba ya kumtunza Mama."

"Mimi nipo."

"Upo na nyonga gani? Siku akitoka saa kumi alfajiri wewe utamfuata na nini? Utamtumia barua?"

Nikatafuta.

Nyumba ya kwanza ilikuwa jengo la ghorofa sita. Kijana mwenye tai alinitembeza kana kwamba ananiuzia gari. Mlangoni palikuwa na sinia la chakula cha siku hiyo, kuonyesha wazee wanakula nini: samaki, mboga, supu, kachumbari. Niliinama nikanusa, nikagusa mchuzi kwa kidole.

"Hii ni nta," nikasema.

"Ni mfano tu, mzee."

"Tena nta ya mtu asiyejua kazi. Hicho kitunguu kina rangi ya ndala. Chakula chenyewe kiko wapi?"

"Leo si siku ya kuonja."

"Siku ya kuonja ni lini?"

Akanipa kijitabu chenye picha za mawingu. Juu, watu ishirini walikuwa wamepangwa mbele ya televisheni inayoonyesha mashindano ya mieleka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anashangilia. Mimi nimetumia maisha yangu yote kutengeneza vitu vinavyofanana na uhai, navijua nikiviona. Nikaondoka.

Nyumba ya pili ilikuwa nzuri, ya serikali, safi. Nikauliza kama kuna nafasi. Mama wa mapokezi akafungua daftari.

"Ipo foleni, mzee."

"Wangapi?"

"Mia moja na kumi na wawili."

"Mke wangu ana miaka sabini na sita."

"Wote wana miaka kama hiyo, mzee wangu," akasema, tena kwa upole, na upole huo ndio ulionikera zaidi.

Nyumba ya tatu nusura niipite. Nyumba ya kawaida ya vyumba vya chini, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, wanakaa watu tisa tu. Nilipoingia, vibibi vinne vilikuwa mezani vinamenya figili kwa visu, visu vya kweli, na kimoja kinamgombeza mwenzake kwamba anamenya maganda manene. Jikoni kulikuwa na harufu ya samaki. Msimamizi, Bi Izawa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kondakta, hakunipa kijitabu. Alinipa bakuli la supu.

"Onja, unikosoe. Mke wako anapenda kupika?"

"Anapenda kupokea wageni."

"Basi ndiyo nafasi tuliyonayo," akasema. "Wageni hatukosi hapa. Bibi wa chumba cha saba ana mgeni kila dakika tano, na wote ni mimi."

Kilikuwepo chumba kimoja, dirisha linaangalia mto. Nikamwona Fusae kwa mawazo, amekaa pale. Bi Izawa akaniambia atanishikia mpaka mwisho wa Agosti, si zaidi, kwa sababu wapo wengine. Ila sheria ni sheria: lazima kwanza ofisi ya mji itume mtu nyumbani, ampime Fusae, ampe daraja. Bila daraja la kutunzwa, mlango hautafunguka.

"Hilo jepesi," nikasema. Angalia ujinga wangu.

Mpimaji alipangiwa kuja siku ya Jumatatu, mwezi wa Juni. Jumapili yote nilifanya usafi. Nilikwangua masufuria yaliyoungua mpaka yakang'aa. Nilibandua karatasi nilizobandika kila mahali, "SOKSI", "USIWASHE", "HAPA SI CHOO". Nilitundika pazia jipya. Magauni aliyoyaficha ndani ya mashine ya kupikia wali niliyatoa nikayakunja. Nikakata hata maua nikayaweka kwenye chombo. Mtu wa ofisi anakuja nyumbani kwako, utamwacha aone uchafu?

Akaja Bwana Kuwabara, mtu wa miaka arobaini hivi, begi jeusi, soksi zenye tundu dogo kidoleni. Fusae alikuwa amekwishapiga magoti mlangoni. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameniuliza mara sita mimi ni nani, lakini alipoisikia sauti ya mgeni uti wa mgongo ulinyooka kama umevutwa na kamba.

"Karibu sana. Umetoka mbali na jua hili. Ingia upumzike."

Chai ikamiminwa bila tone kudondoka. Kuwabara akafungua karatasi zake.

"Mama, samahani kwa maswali ya kitoto. Una miaka mingapi?"

"Mwanamke unamuuliza umri?" Fusae akaziba mdomo akicheka. "Mama yako akikusikia!"

Kuwabara naye akacheka, akaandika kitu. "Haya. Sasa hivi ni msimu gani?"

"Si umepita kwenye maua pale bustanini? Yameshakujibu."

Akaweka mezani vitu vitatu, kalamu, saa na ufunguo, akavifunika, akauondoa ufunguo. "Kimepungua nini, mama?"

"Usihangaike," Fusae akamwambia, akamgusa mkono. "Wageni husahau vitu kila siku. Ukifika nyumbani ukakikosa, piga simu, nitakutafutia mwenyewe."

"Hajui!" nikapiga kelele. "Hajajibu hata moja! Bwana Kuwabara, hajui! Juzi alimlisha jirani nta!"

Fusae akainama mpaka paji likagusa mkeka. "Msamehe mzee wangu. Anapenda kukuza mambo. Amekwisha kukusimulia habari ya dubu?"

"Ile nimeisikia kwa kinyozi," Kuwabara akasema, na wote wawili wakaniangalia kwa huruma, kama wazazi wanaomwangalia mtoto mtundu.

Alikaa dakika thelathini na tano. Mlango ulipofungwa, Fusae akabaki amepiga magoti. Nikamshika bega. Alikuwa anatetemeka mwili mzima na mgongo umelowa jasho, na jioni ile hakuweza hata kushika vijiti.

Barua ikaja baada ya wiki nne: daraja la chini kuliko yote, anajiweza, asaidiwe kidogo kazi za nyumbani, na kwa daraja hilo Bi Izawa hawezi kumpokea. Nikampigia Chizuru.

"Sielewi," akasema. "Hakuona masufuria yale meusi?"

"Niliyasugua."

"Baba. Na zile karatasi?"

"Nilizibandua."

"Baba, ulifanya usafi?"

"Mgeni anakuja, Chizuru, ulitaka akute nyumba imekaa vile?"

"Ndiyo! Ndicho alichokuja kuona! Hakuja kunywa chai, Baba, alikuja kuona moshi!"

Nikaenda ofisi ya mji kuomba apimwe upya. Karani akauliza sababu. Nikamweleza tofu, alfajiri, jirani, meno, moto. Alisikiliza amejishika mashavu, na nilipomaliza akasema, "Mzee Hibino, wewe ungeandika vitabu." Nikaipiga meza kwa ngumi. Ndipo akaandika, lakini alikuwa bado anatabasamu. Wakanipa tarehe mwishoni mwa Julai. Majibu yangetoka mwishoni mwa Agosti kama hakuna kilichochelewa, na chumba kilikuwa kinashikwa mpaka hapohapo. Jaribio lilikuwa limebaki moja, la tatu halikuwepo.

Chizuru akaniamuru niandike daftari. "Kila siku, alichofanya, saa ngapi. Usitie chumvi hata punje." Mtu aliyezoea kutia chumvi maisha yake yote, kupika bila chumvi ni mateso. Niliandika: saa moja ameweka viatu kwenye friji. Saa tatu amemuuliza mama yake yuko wapi. Saa nne ameuliza tena. Nikisoma ninaona mikono yangu haijui cha kufanya. Na katika kuandika huko nikagundua jambo. Bi Tazuko akija, mtu wa gesi akija, yeyote akija, Fusae anakuwa Fusae. Nilipima kwa saa ya ukutani. Dakika arobaini, mara chache arobaini na mbili. Baada ya hapo, ni kama taa iliyomaliza betri.

Na mpimaji hukaa thelathini na tano.

Siku ikafika. Safari hii sikufagia. Masufuria niliyaacha meusi, karatasi zimebandikwa. Niliporudi kutoka chooni, nikakuta Fusae amefagia yeye. Kila karatasi imebanduliwa, na amezikunja vizuri akazitia ndani ya kikapu cha taka. Masufuria hayakuonekana kabisa. Mpaka leo sijui yalikokwenda. Mgeni anakuja, na yeye alijua.

Ni Kuwabara yuleyule, na begi lilelile. Ofisi yetu ndogo, watu hawatoshi. Magoti, viganja, karibu, umetoka mbali. Nikampa daftari. Akalisoma akikuna kidevu, akafika kwa Bi Tazuko, midomo ikaanza kumcheza.

"Hii ya kamba wa nta, mzee... umeiandika vizuri sana."

"Nenda kwa Bi Tazuko umtazame meno!"

"Haya, haya. Nitapita." Hakuwa anapita popote. Alikuwa ananituliza.

Maswali yakaenda kama mwanzo. Umri, utani. Msimu, maua. Alipofunga begi lake saa ya ukutani ilionyesha dakika thelathini na tatu. Akaanza kuinuka. Nilikiona chumba cha dirisha la mto kinaondoka naye, na mimi sina ukweli wowote uliobaki wa kumpa.

Basi nikampa kile ninachojua.

"Bwana Kuwabara, ile habari ya dubu, kinyozi alikusimulia yote?"

"Kwamba alishuka mlimani mwaka wa theluji, akaingia karakana yako, akala tikiti la nta?"

"Na kesho yake akarudi. Si kula. Kulalamika."

"Hapo ndipo mwisho, si ndiyo?"

"Kinyozi ndiye alikwambia ndio mwisho? Kaa chini, bwana."

Hakuna mwendelezo. Sikuwahi kuwa na mwendelezo. Niliutunga pale pale, jasho likinitoka: dubu alirudi na mke wake awe shahidi. Mke akaonja yai, akasema mume wangu ana haki, hili halina chumvi. Kuwabara akakaa. Nikamleta mkuu wa polisi, nikamleta daktari wa meno aliyemtibu dubu jino la nyuma bila sindano ya ganzi. Kuwabara akawa anajifuta machozi kwa leso. Dakika ya thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Fusae alikuwa amekaa wima kando ya birika. Jasho lilianza juu ya mdomo wake. Akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini kabisa, ile ya wahudumu, isiyomfikia mgeni:

"Baba Chizuru, mgeni ana kazi zake."

Alikuwa ananiomba. Miaka hamsini na mbili ya ndoa, nilijua ananiomba nini. Nikasema, "Basi daktari wa meno akamwambia dubu, fungua mdomo."

Dakika ya arobaini na tatu Fusae akainuka. Akafungua kabati la ukutani tunamoweka magodoro, akavuta godoro, akalitandika katikati ya chumba mbele ya Kuwabara, saa tano asubuhi, akanyoosha shuka pembe zote nne. Kicheko cha Kuwabara kikapungua.

"Mama, mimi silali, nashukuru..."

"Bafu liko tayari wakati wowote, bwana." Kisha akanigeukia, macho yamebadilika. "Na wewe mchochezi wa boila, nimekwambia mara ngapi? Usikae na wageni. Toka, kabla mama mwenye nyumba hajakuona."

Akamwinamia Kuwabara, akarudi nyuma kwa magoti kama walivyofundishwa, ili asimpe mgeni mgongo. Lakini hakurudi upande wa mlango. Alirudi upande wa kabati la magodoro, lile alilolifungua. Akaingia ndani yake, chini ya rafu, akakunja miguu, akainama mara ya mwisho, akautelezesha mlango kwa mikono miwili ukajifunga bila sauti.

Kutoka gizani tukamsikia: "Samahani kwa usumbufu. Pumzikeni vyema."

Kuwabara alikuwa bado na leso mkononi. Tulingoja atoke. Hakutoka. Dakika moja, mbili, saa ya ukutani inagonga. Nikatambaa na nyonga yangu, nikafungua mlango kidogo. Alikuwa amepiga magoti gizani, machozi yanatiririka, analia bila sauti, kwa sababu wahudumu hawalii kwa sauti.

"Wageni wameondoka?" akaninong'oneza.

"Bado."

"Basi funga."

Nikafunga. Nyuma yangu nikasikia zipu ya begi, kisha kalamu. Kuwabara aliandika muda mrefu. Alipotoka alivaa viatu bila kuniangalia, akasema, "Mzee, ile ya jirani na meno..."

"Nenda kamwangalie," nikamwambia. Nilikuwa na hasira naye, nikawa na hasira na daftari, na ofisi, na dubu.

Barua ilifika tarehe ishirini na nane Agosti. Daraja la tatu la kutunzwa, lililotosha kuufungua mlango. Bi Izawa alipiga kelele kwenye simu kama aliyeshinda bahati nasibu. Chizuru akaja na gari, tukamhamisha.

Naenda kila Jumanne na Ijumaa. Basi linanishusha karibu na mashamba, natembea kama kaa mpaka mlangoni. Bi Izawa anasema siku nyingine Fusae hushinda akimenya figili na kugombana na bibi wa chumba cha saba, amefungua vifungo, nywele timutimu, anacheka mpaka anakohoa. Mimi sijawahi kumwona hivyo. Mimi nikifika, yupo mlangoni. Magoti, viganja sakafuni.

"Karibu sana. Umetoka mbali na jua hili."

"Sio mbali," namwambia.

Ananipeleka kwenye chumba cha dirisha la mto. Anamimina chai, hakuna tone linalodondoka. Ananiuliza kama nina watoto. Namwambia ninaye binti, yuko Nagoya. Anasema watoto wa siku hizi, na tunacheka wote wawili. Nikianza kumsimulia habari ya kunguru anaziba mdomo kwa kiganja mahali palepale alipokuwa akiziba tukiwa vijana. Mimi naendelea kusimulia lakini macho yangu yako kwenye saa iliyo juu ya kabati. Jumanne iliyopita, dakika ya thelathini na tano, nikaona jasho linang'aa juu ya mdomo wake. Nikachukua kofia yangu.

Bi Izawa alikuwa jikoni, akanirukia. "Mzee, unaondoka? Hujakaa hata kidogo. Supu iko jikoni, kaa ule naye."

"Nina kazi zangu," nikasema.